Ladu za Tarehe Kumi na Tano

Babu, mwangaluka.

Ungenijibu kwa Kisukuma kirefu kuliko changu, halafu ungecheka, wewe Mhindi mzaliwa wa Maswa kunishinda mimi Msukuma. Tangu ulipofariki mwezi wa tatu hakuna anayenisalimia hivyo. Duka limeuzwa. Cherehani yangu bado iko barazani, mwenye duka mpya kaniruhusu, ila vitambaa vyako vimeondoka na sasa wanauza simu.

Juzi ilikuwa Agosti 15, ya kwanza bila wewe, na niliogopa siku yako itakufa. Binti yako Nirmala alishasema alipokuja kutoka Mwanza kufunga mambo: "Ya baba yaishe na baba." Nilikasirika kweli.

Unakumbuka tulivyokuwa wajinga? Utotoni, tarehe hiyo hiyo, tukitoka misa ya Kupalizwa Bikira Maria, tulipita dukani kwako ukatugawia ladu, vile vidonge vitamu vya unga wa dengu, na mama yangu akaamini umeanza kuwa Mkatoliki. Akakuletea kuku wa sikukuu. Ukashukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana", na kwa kuwa huli nyama, yule kuku akazeekea uani kwako.

Mpaka nilipoanza kushona barazani ndipo ukaniambia. Siku hiyo, mwaka 1947, Mwingereza aliondoka India. Wewe ulikuwa mtoto, na baba yako, fundi wa kinu cha pamba, aliwagawia wafanyakazi ladu. Kisha mpaka ukachorwa, kijiji cha mama yako kikabaki Pakistani, na barua za dada yake hazikuja tena. Basi kila mwaka mama yako alipika ladu asubuhi, mchana hakula. Alipofariki ukaendelea wewe.

Tarehe nyingine ulizifanyia mzaha. Januari 26 ulivaa tai, ukatangaza kwamba siku hiyo India ilianza kufuata katiba yake, kwa hiyo na wateja wafuate bei. Nikitumwa chumvi, lazima unisimulie Wahindi walioandamana hadi baharini mwaka 1930 kujiokotea chumvi yao wenyewe, Mwingereza asiwatoze kodi. Ya Agosti hukuitania kamwe.

Nikapika, Babu. Samli niliitoa kijiji cha Mwamapalala, unga wa dengu nikaukaanga kama nilivyokuona ukifanya. Ladu zikakataa kushikana. Watoto walipotoka misa niliwagawia kwa kijiko, viganjani, wakaramba. Nikawaeleza ni siku gani. Mmoja akauliza, yule dada alipatikana? Nikasema hapana. Akamaliza kuramba.

Mchana sikula. Mama akanigombeza, sikukuu ya Mama Maria mtu anafungaje. Mara Nirmala akatokea barazani, amekuja kusaini karatasi za nyumba yako. Nikamkaribisha ugali. Akatazama sufuria ya ladu zilizosambaratika, nikajua atacheka. Akavuta kiti chako, akakaa.

"Na mimi sili," akasema.

Tulikaa hapo mpaka jua likazama. Alilia, nami nikalia. Kisha tukala pamoja michembe na karanga, ile ya viazi vitamu vikavu uliyokuwa ukitunyang'anya.

Nimekukumbuka sana, Babu. Pumzika. Nakuahidi Agosti 15 haitapita kwenye baraza hii bila ladu asubuhi na njaa mchana. Nirmala anasema mwakani atawahi kuja, anifundishe kuzifanya zishikane.

Mjukuu wako wa barazani,
Kabula