Safu ya Maelezo Iliyobaki Tupu

Alhamisi. Hapa Nyamache mvua imenyesha tangu mchana, na mimi sihisi kitu. Si huzuni wala hasira. Nimekaa tu.

Leo nilikuwa karani kwenye kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mpango wa stima na kawi wa miaka mingi ijayo. Nilichukuliwa kwa siku moja kwa sababu najua Ekegusii. Mwananchi aseme kwa lugha yake, mimi nitafsiri, niandike kwenye fomu. Kazi rahisi.

Nje ya ukumbi, kabla maafisa kutoka mjini hawajafika, maoni yalikuwa moto. Mama yangu ndiye aliyeongoza. Nguzo ya stima imesimama kwenye kona ya shamba letu la chai. Waya zinapita juu ya paa zikielekea kwingine, na nyumbani bado tunawasha koroboi. Dawa ya sukari ya Baba, ile ya sindano, Mama huihifadhi ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa ili isipate joto. Mwezi uliopita chupa moja iliharibika, na Baba akalazwa.

"Leo watanisikia," aliapa kwa Ekegusii, na wanawake wenzake wakampigia makofi.

Kisha wageni wakaingia, na kwetu mgeni hapokewi kwa malalamiko. Kiswahili kikavaliwa kama koti la kanisani.

Mama alisimama, akakaza leso yake. "Mimi nashukuru serikali. Hii mpango ni mzuri. Mungu awabariki na safari yenu."

Akaketi.

Waliomfuata walishukuru pia, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Ningeweza kumwambia, Mama, sema kwa lugha yetu, mimi nipo. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Badala yake niliandika "anaunga mkono" kwa mwandiko mzuri, nikaiacha safu ya maelezo tupu. Afisa mmoja akasema watu wa huku wana maoni mazuri sana, nami nikatabasamu. Naona aibu, ila aibu yenyewe iko mbali, kama jino lililodungwa ganzi.

Tukirudi nyumbani, Mama alinishika mkono akaniuliza kama amesema vizuri.

"Umesema vizuri, Mama."

Fomu ziko hapa mezani. Watazichukua kesho saa nne. Yake iko juu. Jina, kata, anaunga mkono. Kalamu ninayo, na ninajua kila neno ambalo angesema. Lakini nikimwandikia mimi, yatakuwa maoni yangu.

Basi asubuhi nitaipeleka fomu jikoni, kando ya kile chungu, nimuulize upya kwa Ekegusii. Hakutakuwa na mgeni. Akinishukuru na mimi, sijui nitaandika nini.