Mgonjwa mnene wa mwaka 97

Ilyas, we! Natoka kwa dada Mwanamwema sasa hivi, nacheka huku damu inachemka. Unakumbuka staji yake, yale mafunzo ya kazi ya lishe hospitalini, mwaka 97, vita huku, vikwazo kule? Leo ndiyo kanieleza alivyoimaliza.

Kanuni zilitoka Ulaya. Kila mwanafunzi ampate mgonjwa MNENE, ampunguze uzito kwa wiki nane. La sivyo, hakuna cheti. Mnene! Bujumbura ile!

Akazunguka Buyenzi, akaenda Jabe, akafika hadi Buterere. Mifupa mitupu. Mama mmoja akamwambia, "Mutoto, niletee kwanza huo unene, kisha uje kuupunguza."

Akarudi kwa daktari Bonfils, mkuu wa staji. "Docteur, mutu munene hakuna."

"Apana! Kanuni ni kanuni. Tafuta!"

Na kitambi chake kimelala juu ya meza, Ilyas. Juu ya meza!

Mwanamwema akafungua daftari, akaandika: Mgonjwa, Bonfils. Akauliza lile swali la kwanza la kazi yao, kwa upole kabisa. "Tangu jana asubuhi umekula nini, Docteur?"

"Maziwa ya unga. Biskuti. Maziwa tena." Akavitaja kwa raha zake!

"Na maziwa umeyapata wapi? Maana watoto wa wodi wanakunywa maji ya mchele."



Bonfils akavuta cheti kwenye droo, akasaini. Kipo ukutani kwa dada, nimekisoma kwa macho yangu: "Mgonjwa amepungua kilo kumi na mbili."

Kilo kumi na mbili, Ilyas! Na hakuinuka kitini!