Fundo la Pili la Turubai

KITUO CHA POLISI, MOMBASA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kifo cha Taha bin Aidarus, Mji wa Kale, Alhamisi tarehe 13 Machi 1947
Jina: Zubeida binti Shekue
Umri: kiasi cha miaka 49
Kazi: somo wa maharusi
Makazi: Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu
Yameandikwa na: Sajini Kahindi, Ijumaa tarehe 14 Machi 1947, kuanzia saa mbili asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina lililotajwa hapo juu. Hakuna aliyeniita. Nimekuja kwa miguu yangu kwa sababu nimesikia kwamba Kazungu wa Nzai, hamali wa mkokoteni, amelala ndani tangu jana kwa kifo cha Taha, na kwamba huenda akanyongwa. Kazungu hakuua mtu. Nataka hilo liandikwe kwanza, kabla sijaogopa.

Kazi yangu ni somo. Msichana akiolewa mimi ndiye ninayemfunda na kumpamba. Turubai la shughuli pia ni langu. Wanawake wakiwa na harusi tunafunga njia kwa turubai, ukuta kwa ukuta, ili wacheze wasionekane. Nimelifunga kwa miaka ishirini na miwili na sijaona mwanamume akilipita. Akiliona limefungwa pande zote mbili hugeuka, hata kama nyumba yake iko upande wa pili na itambidi azunguke mji mzima. Wewe mwenyewe, Sajini, mwaka juzi nilikuona ukigeuka kwenye harusi ya karibu na Ngome ya Yesu. Andika na hilo.

Intisar nilimfunda mimi, miaka miwili iliyopita, alipoolewa na Taha. Taha nilimjua pia. Siku ya harusi nilimpa maziwa ya desturi kwa mikono yangu. Mwezi wa nne wa ndoa Intisar alinijia uso umevimba, nami nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Mwaka uliofuata alinijia na alama ya pasi ya makaa mgongoni, pasi nzima, mpaka ncha yake. Babake alisema mke hukaa kwa mumewe. Mimi nikamkanda kwa mafuta, nikamshika mkono, nikamrudisha mwenyewe hadi mlangoni kwa Taha. Sajini, nimelia juu ya mengi maishani, lakini hilo sikulilia. Niliona nimefanya kazi yangu vizuri.

Jana kulikuwa na shughuli ya harusi nyumbani kwa Mwanakuu, jirani yangu. Nyumba yake iko kwenye kichochoro kinachotoka Ndia Kuu na kuteremka pwani. Toka Ndia Kuu hadi mlango wake ni hatua kama sitini, njia imenyooka, na karibu na mlango pana kulabu za turubai, ukutani kila upande. Kazungu alikuwa akipandisha mawe kutoka pwani kwa ajili ya ukuta wa Mwanakuu. Mnamo saa tisa na nusu alasiri nilianza kufunga turubai. Nilipofunga fundo la kwanza nilimwambia Kazungu aondoke, maana mwanamume hakai nyuma ya turubai.

Akaniuliza, "Na mawe haya, mama?"

Nikamwambia, "Yaache papo hapo. Utayashusha kesho, shughuli ikisha."

Akazuia magurudumu kwa mawe. Mikono ya mkokoteni, ile miti miwili ya kuvutia, akaiegemeza juu ya pipa tupu la chokaa ili mzigo usilalie mbele. Miti hiyo ilielekea Ndia Kuu, kwa sababu alikuwa anapanda. Mkokoteni ulikuwa katikati ya njia, hatua tatu nyuma ya kulabu, na kando yake mtu aliweza kupita kwa ubavu tu. Kisha akaenda zake kunywa kahawa. Hiyo ndiyo sababu hakuonekana kwenye mkokoteni wake. Mimi ndiye niliyemfukuza.

Saa kumi kasorobo Intisar aliingia kichochoroni mbio, hana viatu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, ameuning'iniza kwa leso ya manjano. Mdomo ulikuwa unatoka damu. Nilifungua mdomo niseme nilichozoea kusema. Akanitangulia.

"Somo," akasema, "leo sikuya kuambiwa vumilia."

Nikamsukuma ndani kwa Mwanakuu.

Hapo nikasikia pikipiki ya Taha huko Ndia Kuu. Kila mtu anaijua, ile aliyoinunua kwenye mnada wa vitu vya jeshi. Mwanzoni mwa kichochoro kuna duka la makufuli la Bwana Fakhruddin. Fakhruddin alikuwa amemwona Intisar akipita. Taha alipomwuliza, alisimama katikati ya njia na kusema, "Hapa hakupita mtu, Bwana Taha. Amekwenda huko, Ngome."

Fakhruddin ni mzee wa miaka sitini na kitu na hajui kusema uongo. Taha alishuka akampiga usoni kwa mnyororo wa pikipiki aliokuwa ameuzungushia ngumi. Fakhruddin akaanguka kwenye kizingiti cha duka lake. Taha akaendelea kumpiga akiwa chini. Watu walikuwa barazani, wengine wameshika vikombe, na hakuna aliyeinuka. Wote wanaume. Nilikimbia nikamlalia Fakhruddin kichwani, na mnyororo ukanipata mkono wa kulia. Vidole hivi vitatu vilivunjika hapo. Nilisikia vikivunjika kabla sijasikia maumivu. Jicho la Fakhruddin halijulikani kama litapona.

Taha alisema kwa sauti, mtaa mzima ukisikia, "Nakwenda Ngome. Nisipomuona narudi, na nitaingia nyumba moya moya. Nitakayemkuta naye nitamtinda mbele yake, kisha nimtinde yeye." Aliposema hayo ya kuchinja, akapanda pikipiki akaenda. Milango ya Ndia Kuu ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine.

Nilirudi kichochoroni. Hapa ndipo pa kuandika vizuri, Sajini, na usinipunguzie. Turubai lilikuwa limefungwa upande mmoja tu, linaning'inia, na mkokoteni ulionekana kutoka Ndia Kuu. Nililitazama turubai, nikautazama mkokoteni. Nikaingia ndani, nikamvua Intisar ile leso ya manjano, nikamfunga mkono kwa nyingine. Nikamwambia Mwanakuu ampandishe juu, wapite kwenye wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba yake na ya pili, watokee mtaa mwingine. Mwanakuu hakujua ninalokusudia. Aliniuliza, "Dada Zubeida, wenda wapi na leso hiyo?" Nikamwambia naenda kutembea.

Walipokwisha kupanda nilitoka nje, nikafunga fundo la pili. Nililifunga peke yangu, kwa mkono wa kushoto na meno. Mkokoteni ukawa hauonekani tena.

Nikajifunika buibui mpaka machoni, nikaning'iniza mkono wangu mbovu kwa leso ya manjano, juu ya buibui, ionekane. Mwanamke ndani ya buibui hajulikani ni nani. Taha angeijua leso tu. Nikaifuata Ndia Kuu kuelekea Ngome, katikati ya njia.

Tulikutana saa kumi na dakika kumi, karibu na duka la mwisho kabla ya Ngome. Nilijua saa kwa sababu adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kitambo na waliosali walikuwa wanarudi. Aliiona leso. Hakuita jina, alikaza moto wa pikipiki tu. Nikageuka nikakimbia.

Mimi ni mtu mzima, goti langu la kushoto ni bovu, na sijakimbia tangu nizae. Jana nilikimbia. Kwanza niliingia kichochoro cha kushoto ambacho pikipiki hupita kwa taabu, na nikasikia mpini wake ukikwaruza ukuta. Muuza kahawa alijibana mlangoni na dele lake. Pikipiki ikalikumba, kahawa ya moto ikammwagikia miguuni, akapiga kelele. Nilitokea tena Ndia Kuu. Huko njia ni pana, na hapo akanifikia. Alinipiga mnyororo mgongoni mara moja, nikaenda chini kwa magoti. Alipita mbele kwa kasi yake, na alipokuwa anageuza pikipiki nikainuka. Nilikuwa nikisema kwa sauti maneno ambayo somo hasemi. Sitayarudia mbele yako.

Nikaingia kichochoro cha Mwanakuu. Zile hatua sitini nilizihesabu. Kelele ya pikipiki kati ya kuta ilikuwa kubwa hata nikadhani imeshanipanda. Turubai lilikuwa mbele yangu, limefungwa sawasawa, pande zote mbili. Niliinama nikapita chini yake, nikajibana kati ya mkokoteni na ukuta, nikaanguka upande wa pili.

Nilingoja kusikia moto ukipunguzwa. Mwanamume yeyote wa mji huu, mlevi, mwizi, mgeni wa jana, angepunguza. Yeye aliukaza.

Alipita na turubai lote, kulabu zikang'oka ukutani, likamfunika. Mti mmoja wa mkokoteni ulimwingia chini ya kifua. Pikipiki ilitoka chini yake, ikagonga pipa na ukuta, ikalala inanguruma. Mkokoteni ulirudi nyuma juu ya mawe yaliyouzuia, na mawe ya mzigo yakanimwagikia miguuni. Kisha pikipiki ikazimika, nami nikasikia kitu kinadondoka juu ya turubai, tone kwa tone.

Nililifunua turubai. Alikuwa hai. Buibui lilikuwa limenianguka, na aliponiona alitazama leso, kisha uso wangu, kisha leso tena.

Akasema, "Si weye."

Nikamwambia, "Ni mimi."

Akasema, "Somo, mayi."

Nilimletea maji kutoka kwa Mwanakuu kwenye kikombe, nikamshika kichwa kwa mkono wangu mzima. Hayakushuka. Yalitoka mekundu. Alikufa kichwa chake kikiwa mkononi mwangu, na nilikuwa nalia, na sikuwa namlilia yeye peke yake. Sitasema uongo kwamba nilifurahi. Wala sitasema kwamba ningelifungua lile fundo kama ningepewa nafasi ya pili.

Kazungu alikuja mbio aliposikia kishindo. Ndiye aliyemtoa Taha kwenye mti, peke yake, akimwomba msamaha maiti kwa kumuumiza. Damu mliyomkuta nayo mikononi ni ya hapo. Mimi nilizimia, wanawake wakaniingiza ndani. Nilipozindukana ilikuwa magharibi, na nikaambiwa Kazungu amechukuliwa. Usiku kucha niliogopa. Nilijiambia labda watamwachia wenyewe. Alfajiri nikakumbuka kwamba hivyo hivyo nilijiambia juu ya Intisar, mara mbili.

Sajini ameniuliza Intisar yuko wapi. Sisemi. Najua, lakini sisemi.

Sajini amenionya kwamba ninayoyasema yanaweza kunirudi mahakamani, na ameniuliza kama nataka kunyamaza. Nimenyamaza miaka miwili, inatosha.

Sajini ameniuliza kama Kazungu aliuweka mkokoteni pale kwa makusudi. Hapana. Aliuacha alipoambiwa, kwa adabu yake.

Sajini ameniuliza swali la mwisho, kama nilijua kwamba Taha hatasimama. Naweza kujibu kwamba nilifunga turubai la harusi mahali pa harusi, siku ya harusi, na kwamba mwenye haya husimama. Yote hayo ni kweli, na wakili akiwepo labda angenifundisha niishie hapo. Lakini mimi nilimwona Intisar mgongo. Mtu aliyeweza kuishikilia pasi pale mpaka ikaacha ncha yake, huyo hana kitu duniani kitakachomsimamisha, seuze kitambaa. Nilijua. Liandike neno hilo kama nilivyolisema, na umtoe Kazungu.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda. Sina la kuongeza wala la kufuta.

Dole gumba la kushoto la Zubeida binti Shekue (mkono wa kulia umevunjika)

Maelezo ya afisa:
Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili naye ameyakubali. Hakulazimishwa wala kuahidiwa kitu. Nilimwambia aende kwanza hospitali kwa ajili ya mkono. Amekataa kuinuka kwenye benchi mpaka amwone Kazungu wa Nzai akitoka. Nimepeleka maelezo kwa mkubwa wangu saa nne na robo. Kazungu ametoka saa tano na dakika ishirini. Alisimama mbele ya shahidi, akamwamkia. Shahidi sasa yuko chini ya ulinzi na anatibiwa.

Turubai moja, lenye damu na limechanika katikati, limehifadhiwa kama kielelezo. Mafundo yote mawili bado yamekaza.

Kwa kuwa shahidi amenitaja, nami naandika hapa nikijua kwamba huenda nikaitwa kuapa. Ni kweli kwamba mwaka 1945 nililikuta turubai lake njiani karibu na Ngome ya Yesu. Nilikuwa kwenye baiskeli, namfukuza mwizi aliyekuwa mbele yangu kwa hatua kumi. Yule mwizi aligeuka. Nami niligeuka.

Kahindi, Sajini