Kaburi la Ada Ukingoni mwa Bahari

Jumatatu, 1 Septemba

Kutwa nzima nakata udongo. Chumba cha friza, glavu mbili mbili, vidole vimekufa ganzi hata hivyo. Msumeno unalia kama unakata jiwe. Udongo wenyewe tuliuchimba Julai kaskazini mwa Kanada, kwenye ukingo wa bahari, mahali ambapo ardhi imeganda tangu kabla watu hawajafika. Nakata kipande, natia kwenye chupa, nakiacha kiyeyuke, napima hewa inayotoka. Kabonidioksidi. Methani. Udongo uliolala miaka yote hiyo unaamka na kuanza kupumua. Ndiyo kazi yangu.

Nje watu wa Birmingham wako na kaptura. Mimi nimepanda basi la Ladywood na koti zito mkononi. Mume wangu Mutua yuko zamu hospitalini. Nimekula mkate na chai.

Jumatano, 3 Septemba

Daniel ametuma vipimo. Ni kijana wa kule kijijini, ndiye hutusomea vipimajoto tulivyovizika ardhini tukisharudi huku. Nimechora grafu. Nikadhani nimekosea, nikachora tena.

Barafu iliyoshikilia ule ukingo kwa ndani inalainika. Chini kabisa, si juu tu.

Juu ya ukingo ule ndipo yalipo makaburi ya kijiji.

Nimempelekea Profesa. Amesema tusitoe neno kwanza, turudie hesabu, wenzetu wazipitie. Naelewa kwa nini. Sijapenda.

Jumamosi, 13 Septemba

Martha amepiga simu. Nilikuwa nakunja nguo.

Viangazi vitatu nimelala nyumbani kwake huko kaskazini, chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama bahari. Mjane. Daniel ni mpwa wake. Ananikaripia nikitoka bila kofia. Bintiye Ada alikufa kwa homa ya mapafu akiwa bado mtoto wa shule, naye amelala pale ukingoni, mstari wa mwisho, karibu kabisa na maji.

Akasema, "Daniel ananificha kitu. Profesa wako anaandika barua ndefu zisizosema lolote. Niambie wewe."

Nikamwambia. Kwamba dhoruba za vuli zikiwahi kabla bahari haijaganda, ule ukingo hautasimama. Kwamba labda ni mwaka huu, labda ujao, lakini ningekuwa mimi nisingesubiri. Wahamishe makaburi.

Nilisikia redio yake.

Halafu: "Na wewe, wako ungemfukua?"

Kisha akasema Mungu anilinde, akakata.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani. Mama mmoja kaniuliza kazini hasa nafanya nini. Nikamweleza. Akacheka, "Sasa barafu kuyeyuka nayo ni habari?" Nikacheka pia.

Mwanangu Muuo angekuwa sasa anakimbia huko nyuma na watoto wengine, akitukanwa kwa Kiingereza na kujibu kwa Kiingereza. Aliishi siku mbili. Wanawake wa kanisani bado wananiita dada Mwende. Hakuna aliyewahi kuniita Mama Muuo. Hawana ubaya. Hawajui tu kama kuniita hivyo kutaniumiza.

Martha anajua habari zake. Kule kaskazini nilimwambia, siku ya mvua tuliyoshindwa kutoka.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwambia Profesa kwamba nilisema. Akakasirika. Akasema nimeharakisha, kwamba tukikosea hakuna kijiji kitakachotuamini tena. Nikasema na tukiwa sahihi je, na hatukusema? Nikatoka. Nililia chooni kama mtoto.

Alasiri akaja mezani kwangu na barua aliyoliandikia baraza la kijiji. Fupi. Kali kuliko maneno yangu. "Isome kwanza kabla sijaituma," akasema. Nikaisoma. Akaituma tukiwa tumesimama pale.

Jumapili, 28 Septemba

Wameanza kuhamisha. Daniel katuma picha. Wanawasha moto juu ya kaburi ili ardhi ilegee, wanachimba, wanawasha tena. Kila familia inasimama na wake. Sehemu mpya iko juu, nyuma ya shule, kwenye mwamba.

Martha amekataa. Kaliambia baraza, "Nilimfunika kwa mikono yangu. Sitamfunua." Wamemwacha.

Nikakasirika. Nikamwambia Mutua huu ni ukaidi tu, bahari haimwonei mtu huruma. Akasema nimwache mama wa watu. Nikapaza sauti. Hapo naye akasema jambo ambalo hajawahi kulisema:

"Mama yangu alitaka tumpeleke Muuo akazikwe nyumbani. Ulikataa asiguswe. Nani alikulazimisha ukubali?"

Ni kweli. Nilikataa. Sikuweza kumfikiria ndani ya ndege, chini na mizigo. Mamake Mutua hajanisamehe hadi leo. Kule kwao Mwingi kuna nafasi ya kaburi waliyomwachia, hakuna mtu aliyelala pale.

Mutua akaenda kuoga. Mimi nikabaki jikoni nikisugua sufuria iliyokuwa safi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia Martha. Sikumwonyesha grafu wala kumtajia joto la ardhi. Nilimwambia habari ya mama mkwe na ile nafasi Mwingi. Nikamwambia mimi pia nilikataa, na sijui kama nilifanya vyema. Ila mimi, nikitaka kwenda kwa mwanangu, ni mabasi mawili tu.

Akauliza bahari huko iko vipi kwenye picha zetu za setilaiti. Nikasema bado wazi, barafu imechelewa sana. Akasema hata dirishani kwake anaona hivyo hivyo.

"Yule mtoto aliogopa maji," akasema.

Halafu akasema:

"Mwambie Daniel alete kuni."

Alhamisi, 16 Oktoba

Upepo tangu wiki iliyopita. Daniel anasema wamewasha moto kwa Ada mara ya kwanza, ukazimika. Wamefunika kwa turubai. Watajaribu ukitulia. Nimetazama ramani ya hali ya hewa mara nyingi kuliko nilivyotazama kazi yangu. Dhoruba inajikusanya magharibi yao. Profesa naye anaitazama. Kila nikipita mlangoni pake naiona kwenye skrini yake.

Sijamwomba Mungu hivi tangu Muuo akiwa hospitalini.

Jumatatu, 20 Oktoba

Ukingo umekwenda.

Ujumbe wa Daniel ulifika nikiwa maabara. Wimbi lilikula chini, juu pakashuka pote kwa pamoja. Mstari wa mwisho wote. Makaburi mengine yalikuwa yameshahamishwa, yalikuwa mashimo tu. Ada peke yake ndiye alikuwa bado. Anasema shangazi yake Martha alisimama nje kwenye upepo hadi wakambeba kumrudisha ndani. Hataki chai.

Tulikuwa sahihi. Hesabu zetu ni nzuri sana. Nazichukia.

Mbele yangu palikuwa na chupa za leo, zinangoja kusomwa. Nikashindwa. Profesa akavaa koti la maabara, akakaa kwenye kiti changu. "Nenda nyumbani, Mwende." Akasoma chupa zote mwenyewe.

Nilitembea badala ya kupanda basi. Watu wanabeba mifuko ya madukani. Mvua ndogo. Nilimwambia nisingesubiri, akasubiri, nikamshawishi, tukachelewa. Siku chache tu. Najiuliza kama ni afadhali ningemwacha na uamuzi wake wa kwanza. Angalau ungekuwa wake.

Jumatano, 22 Oktoba

Sikwenda kazini. Mutua kabadilisha zamu. Tumekaa. Kapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikala.

Jumapili, 2 Novemba

Martha kapiga simu asubuhi. Sauti imekauka. Amesema wameweka msalaba wa Ada kule nyuma ya shule, pamoja na wengine. Chini yake hakuna kitu. Ameuliza kama nadhani ni upuuzi. Nikasema hapana.

Nikamwomba msamaha. Akaninyamazisha. Akasema alikwenda na kuni, Ada alimwona anakuja na kuni. Hilo ndilo analolishika.

Kisha akauliza mara ya mwisho nilikwenda lini kwa Muuo. Nikasema ukweli: tangu Pasaka. Hakunikaripia.

Hatukwenda kanisani. Tulipanda basi, tukashuka mjini, tukapanda lingine. Makaburi ya watoto yako mwisho, kando ya ukuta. Majani yamejaa. Mutua aliinama akayaondoa kwa mikono, nami nikafuta jiwe kwa skafu yangu. Mahali pote palikuwa patupu, sisi tu na bustani ya mawe madogo.

Nikamwambia Mutua kwamba nikipata likizo ningependa twende Mwingi tukamwone mama yake. Akaitikia kwa kichwa.

Baadaye akasema mvua inazidi, twende. Nikamwambia bado kidogo. Akafungua mwavuli, tukabaki.