Mabakuli Kumi na Sita ya Mtori

Alhamisi, Julai 2007. Uru. Manyunyu tangu alfajiri, mlima haujaonekana siku ya tatu.

Nimepoteza wiki mbili za matibabu. Nimezipoteza leo saa tano asubuhi, kliniki, kwa namba moja: 1.3.

Tangu Mei moyo wangu unapiga ovyo, kama mashine yangu ya kusaga kule mjini, Shirimatunda, mkanda ukilegea. Siku ya kwanza walihesabu mapigo 148 kwa dakika. Vidonge vikaushusha mpaka 90. Vingine vikajaribu kuunyoosha, vikashindwa. Ndipo daktari akasema watanichoma sindano ya usingizi, waushtue kwa umeme, urudi kwenye mapigo yake. Ila kwanza nimeze dawa ya kulainisha damu, na wiki tatu mfululizo kipimo cha wepesi wa damu kikae kati ya 2 na 3. La sivyo, donge la damu lililojificha moyoni linaweza kuchomoka, likapanda kichwani. Unaamka umepooza.

Wiki ya kwanza nilipata 2.1. Ya pili, 2.4. Nikapanda huku kwa mama nipumzike.

Leo 1.3. Umeme niliopangiwa Jumanne umefutwa. Tunaanza kuhesabu wiki upya, moja.

Daktari hakufoka. Aliuliza tu, "Mama, huko juu unakula nini?"

"Mtori."

"Mtupu, au una majani?"



Mama yangu anapondea mnafu ndani ya mtori, supu yetu ya ndizi. Huku mlimani ukiugua unalishwa mnafu, ile mboga chungu, kwamba inaongeza damu. Nami siku niliyofika nilimwambia: majani yasizidi niliyozoea, yanaiua nguvu dawa yangu. Akaitikia vizuri kabisa. Siku nane, mabakuli mawili kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Jioni nimemuuliza. Hata hakushtuka.

"Wao wanailainisha damu yako, mimi nikae naangalia? Nimezaa sita, sijazika hata mmoja. Kula, mtori unapoa."

Nina hasira. Mashine ile niliinunua kwa miaka kumi na moja ya kuuza ndizi, hakuna aliyenishika mkono. Leo nakwamishwa na sufuria ya mama.

Lakini niseme ukweli, maana hapa kwenye blogu hakuna anayenijua. Uchungu niliusikia tangu bakuli la kwanza. Nikajiambia ni vidonge vimeniharibu ulimi. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, nalishwa na mama yangu, na sikutaka aache.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko 1.3.

Daktari anasema moyo ukikaa sana na mwendo huu, unakuwa mgumu kurudi. Sina wiki nyingine tatu za kuchezea.

Mama hasomi blogu, na mbele yake ulimi wangu unakuwa mzito. Basi maneno yangu nayafanyia mazoezi hapa, kesho nitayasema hivihivi:

Shikamoo, mama. Sasa ni saa moja asubuhi na hujabandika sufuria. Utanipikia bila mnafu mpaka siku ya umeme? Ukisema hapana, saa mbili nashuka mjini nikajipikie. Usiniambie nikae nile kwanza. Ndiyo, au hapana?