Bwana Shamba Huja Viwavi Wakiwepo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaumbuka mbele ya kaka yangu, maana shamba la kabichi ni letu wawili ila mimi ndiye ninayelitunza, na siku niliyokuta mayai ya nondo yamebanana chini ya jani nilimwita bwana shamba, akaja na miwani yake na ile sauti yake ya upole, akainama, akayatazama, akasema, "Usiyaguse kwanza, dada, nitarudi tuone yanaanguliwa lini," na mimi moyo ukanilegea palepale, basi akarudi kuona viwavi wadogo, akarudi tena walipokuwa wanene, na kila nilipookota kiwavi nimponde nilimrudisha kwenye jani, kwa sababu wakiisha yeye atafuata nini kwangu? Sasa kabichi ni matundu matupu, viwavi wamejichimbia udongoni wageuke nondo, bwana shamba kaniambia watatoka mvua za msimu ujao zikianza na ndipo atakapopita, na kaka naye kachoka, anasema, "Ng'oa zote, tufuge kuku," na kuku wana daktari wao, mshauri, ni mzee tena mkali. Nifanyeje?

Mwenye Matundu

Mwenye Matundu,

Pole, lakini nimecheka mpaka nimepaliwa na chai. Wenzako humpikia mwanamume, wewe umewapikia viwavi! Umelisha jeshi zima ili upate mgeni mmoja, tena kwa kabichi ambazo nusu si zako. Kaka yako muombe radhi leo, bila kuzungukazunguka.

Kisha shika jembe. Geuza udongo wote, hao waliojizika waanikwe juani, ndege wajipatie. Ukiwaacha watatoka na mabawa, watataga usiku umelala, na shamba litaliwa upya. Ukiona mayai tena, ponda hapohapo.

Na huyo bwana shamba wako! Mtaalamu gani anaona mayai yote yako kwenye jani moja, kazi ya vidole viwili, halafu anasema tusubiri? Ama kazi haijui, ama naye alikuwa akijitafutia sababu ya kurudi. Mimi nadhani unajua ni ipi, ila unaogopa kuuliza.

Basi mpigie simu, mwalike chai Jumapili. Akiuliza safari hii kuna mdudu gani, mwambie hakuna hata mmoja. Akija, amekufuata wewe.