Anaitwa Nang'unda, Si Nancy

Ijumaa, mwezi wa tatu. Ukungu umetanda tangu alfajiri, na hapa Kitangari ukungu ukikaa namna hii hata nguo za juzi hazikauki. Sweta langu linanuka moshi. Nina hasira, na leo sitaki mtu aje kuniambia nitulie.

Niandike sasa hivi, kabla haijapoa. Ikipoa najijua: nitaanza kumwonea kila mtu huruma na kujipunguzia makosa yangu mwenyewe.

Darasani kwangu, darasa la saba, yuko binti anaitwa Nang'unda. Ni jina la bibi yake mzaa baba, na bibi mwenyewe yu hai, anaishi Mnyambe na bado anapalilia shamba lake. Huku mtoto akipewa jina la bibi yake amepewa mtu mzima mzima. Wiki tatu zilizopita Mwalimu Mkuu wetu, ambaye ni mgeni wa huku, alilipitia daftari la mahudhurio na kalamu nyekundu mkononi. Jina la Nang'unda likamshinda. Akasema Nagunda, akasema Nanguda, wanafunzi wakacheka, naye akachukia. Akalikata, akaandika Nancy.

Alisema anamsaidia. Huko mbele watamcheka, alisema, na cheti kinataka jina jepesi. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningemjibu siku ile ile.

Sasa niseme na langu. Orodha ya watahiniwa niliinakili mimi. Hilo Nancy nimeliandika kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri.

Kwa nini? Kwa sababu mimi mwenyewe pale ofisini ni Mwalimu Salome. Jina langu ni Somoe, jina lililojaa kwetu Nanganga. Liite gengeni uone watakavyogeuka wanawake watano. Nilipohamia hapa miaka minne iliyopita mtu aliniandika Salome kwenye ratiba. Nikaona haya kumsahihisha, nikaitika, na tangu hapo naitika. Ukishazoea kumezewa jina lako, la mwenzako nalo unaliona dogo.

Nang'unda hajazoea. Tangu jina libadilishwe, asubuhi nikiita "Nancy" hasemi kitu. Yuko dawati la mbele, miguu imejaa udongo mwekundu, ananitazama usoni, haitiki. Na amri ya Mwalimu Mkuu ni kwamba asiyeitika hayupo. Basi nami nikawa naandika kuwa hayupo. Wiki tatu mtoto amekaa mbele ya macho yangu, na daftari linasema ni mtoro.

Wiki tatu, na mimi ndiye mwenye kalamu.

Leo Mwalimu Mkuu akamwita mama yake shuleni. Kwanza kwa huo utoro. Pili, leo ilikuwa siku ya mwisho ya wazazi kuhakiki majina ya watahiniwa. Orodha ikishaingia kwenye kompyuta, jina lililomo ndilo litakalokaa kwenye cheti, na kulibadilisha baadaye ni safari za mahakamani ambazo mkulima wa Kitangari hana nauli yake.

Akaja Mama Hamisi ofisini, nami nipo. Tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kaacha palizi, kanga mbili safi, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya matope. Akamwamkia Mwalimu Mkuu shikamoo, ingawa kwa umri angeweza kuwa dada yake mkubwa, naye akaitika marahaba bila kuinua uso.

"Mie mwanangu hakai nyumbani hata siku moja," Mama Hamisi akasema. "Mvua ikinyesha anakuja. Akiumwa anakuja." Akasomewa jina lililo kwenye orodha. Akatikisa kichwa. "Hilo silo lake. Futeni."

"Lake ni lipi?"

Akaangalia sakafu.

Mtu wa huku ameshaelewa. Ambaye si wa huku nimwambie: kwetu mwanamke halitamki jina la mama mkwe wake. Hata akipewa mtoto aliyemzaa mwenyewe, halitamki. Mama Hamisi miaka yote kumi na mitatu anamwita binti yake Bibi. Kulitaja jina la mkwe mbele za watu ni kumvua nguo.

Mwalimu Mkuu halijui hilo. "Mama, hujui jina la mwanao?"

"Anaitwa Bibi."

Akacheka. Walimu wawili waliokuwa wanasahihisha madaftari wakacheka naye, na mmoja wao ni mzaliwa wa hapa hapa, ameoa hapa hapa, anajua kila kitu. Kicheko chake kiliniuma kuliko cha mgeni.

Ningeweza kulitamka mimi. Mimi si mkwe wa mtu huko Mnyambe. Lilikuwa neno moja tu.

Sikulitamka.

Mwalimu Mkuu akasogeza karatasi na kidau cha wino, akamwonyesha pa kuweka dole gumba. Mama Hamisi akaiangalia karatasi. Akaniangalia mimi. Nikageuza uso nikajifanya natafuta rula. Ndipo akavuta kanga, akafunika kichwa vizuri kama anayeingia msibani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka darasa la tano:

"Nang'unda. Mwanangu anaitwa Nang'unda."

Kisha akakaa sakafuni. Hakuna aliyecheka tena.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na aibu ile ndiyo iliyonisimamisha. Nikaichukua orodha mezani. Nikalikata Nancy kwa mstari mmoja, nikaandika Nang'unda, na king'ong'o chake chote, nikaweka saini yangu pembeni.

"Mwalimu Salome, unafanya nini?"

"Naitwa Somoe," nikamwambia. "Na daftari la mahudhurio nalirekebisha, wiki zote tatu. Kama unataka barua ya kujieleza, nitakuandikia hata kurasa kumi."

Labda Jumatatu atanijibu, na anijibu tu. Orodha niliipeleka mwenyewe kwa kijana anayeingiza majina kwenye kompyuta, nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka nilipoliona jina kwenye kioo, herufi moja baada ya nyingine. Alinitazama kama mwendawazimu. Sawa.

Ila jina la mkwe lilikuwa limeshatamkwa, na hilo halifutwi kwa kalamu. Mama Hamisi ilibidi aende Mnyambe leo leo, kabla midomo ya watu haijamtangulia. Na kwa desturi aliyekosa hajisemei, husemewa na mwingine. Nikamwambia nitamsemea mimi. Alitaka kukataa, akaniangalia tena, akakubali. Tukapanda bodaboda moja, yeye kampakata kuku wa kuombea radhi ndani ya kanga, njia yote utelezi.

Bibi tulimkuta barazani kwake anamenya muhogo. Mama Hamisi alipiga magoti mbali, uani kwenye manyunyu, uso chini. Nikaamkia, nikamweka kuku, nikaanza kusema. Nilisema yote. Nilisema kwamba mwenye kuandika lile jina la kigeni ni mimi, na kwamba ningeweza kumwokoa mkwewe nikanyamaza.

Bibi akamaliza muhogo alioushika. Akachukua mwingine. Nikafikiri tumefukuzwa.

"Alilitamka lote?" akauliza.

"Lote, bibi."

"Hakulimung'unya?"

"Hakulimung'unya. Walisikia mpaka madarasa mengine."

Akaweka kisu chini. "Inuka, mwanangu, unalowa," akamwambia mkwewe. Kuku akampokea, maana kosa ni kosa. Lakini alimpokea kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umemshika Mama Hamisi begani, na Mama Hamisi akalia kama mtoto.

Kisha akanigeukia mimi. "Na huyo mkubwa wenu, sasa analiweza?"

"Bado, bibi."

"Mfundisheni. Si ana ulimi?"

Nimerudi jioni, nimelowa chapachapa, na hasira yangu iko pale pale. Tena sasa nimetumwa na mtu mzima. Jumatatu, kabla wanafunzi hawajapanga mstari, naingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu na kufunga mlango. Hatutoki mle mpaka alitamke.